Lita Moja na Nusu

Skola mwanangu,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio, ambako nimekuwa nikitaja dhambi ndogondogo kwa sauti kubwa ili ile kubwa isisikike. Injini ya pikapu ya babu yako haikuharibiwa na oili ya Masanja. Niliiharibu mimi. Wala sikushika spana. Nilitumia mdomo.

Sasa nimeshaandika. Nimechungulia dirishani mara mbili. Hakuna mtu. Wewe umekwenda kwa katekista kuaga, bibi yako yuko jikoni anakukaangia karanga za safari, na babu yako yuko uani anafunga sanduku lako kwa mpira wa baiskeli. Kila akikohoa naisukuma karatasi hii chini ya daftari.

Najua utacheka kuona nimekuita mwanangu. Nimekuzidi miaka mitatu tu. Ulipokuwa unaniita "mama mdogo" mbele ya wenzangu pale shuleni nilitamani ardhi ipasuke. "Mama gani huyu anaogopa kuku?" walikuwa wanasema, na kweli nilikuwa naogopa kuku. Lakini dada Vero alipofariki, wewe ukiwa na miaka mitano na mimi minane, bibi yako alikuleta akakulaza kwenye mkeka wangu, akasema, "Mama mdogo ni mama. Huo umri mtautafuta huko mbele." Mpaka leo nautafuta. Kwa hiyo vumilia, leo naandika kama mzazi, kesho alfajiri unapanda basi la Mbeya kwenda kujifunza ufundi wa magari, na mimi sina siku nyingine.

Sitakuambia habari za blanketi wala za kuficha simu kwenye basi. Bibi yako ameshakuambia mara tatu na bado moja iko njiani. Mimi nataka kusema habari za chupa.

Nimeiona. Ile chupa ndogo ya juisi uliyoifunga kwenye soksi ya kijivu, ukaisokomeza ndani ya buti. Ndiyo, nimepekua begi lako. Mimi ni mtu wa kushuku, Skola, na nimegundua kwamba mtu anayeshuku sana huwa anajua kinachofichwa nyumbani kwake mwenyewe. Ndani ya chupa kuna oili iliyobaki kwenye dumu alilotuletea Masanja mwaka juzi. Juzi nilikusikia ukimwambia babu yako, "Nikifika tu, nampa mwalimu aipime. Naleta karatasi. Tutaibandika kwenye mlango wa Masanja." Na babu yako akakupiga begani akasema, "Huyo ndiye mjukuu." 

Wacha nikukumbushe siku yenyewe. Uliiona, lakini uliiona ukiwa upande wa filta.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, upepo ule wa kwetu unaopita kwenye sweta kama sweta haipo. Gereji za mjini zina shimo, sisi tuna matuta. Babu yako aliyapandisha mwenyewe yale mawili nyuma ya jikoni, nyasi chini, udongo juu, vilevile anavyotengeneza ntumba, matuta yetu ya shambani, ila haya aliyashindilia kwa mawe mpaka yakawa magumu kama kizingiti. Alikuwa anapandisha magurudumu ya mbele juu yake ili apate nafasi ya kuingia chini ya gari bila jeki. Na kila akishuka kwenye usukani alikuwa na neno lake: "Mababu walikula juu ya tuta, na gari langu litakula juu ya tuta."

Masanja alikuja na pikipiki, dumu la lita tano limefungwa nyuma, binti yake Kabula amelikumbatia. Unakumbuka jinsi tulivyoishi nao. Tulikuwa tukibadilisha oili, ile chafu ni yake. Anapaka nguzo za zizi mchwa wasile, anapaka ekseli ya mkokoteni. Yeye akienda mnadani mjini anatuletea oili mpya, na samadi ya ng'ombe wake ilikuja kwenye matuta yetu bila kuombwa. Wewe na Kabula mlikuwa mmekalia kinu kilichopinduliwa, mnasukana.

Babu yako alilipokea dumu kama anavyopokea kila kitu kinachotoka dukani. Akaligeuza. Akanusa kizibo. Akamtazama Masanja.

"Masanja, hiki kizibo hakijaguswa kweli?"

"Mzee, kikate mwenyewe. Nikikikata mimi utasema nimekitemea mate."

Watu walicheka, na majirani wawili waliokuja kutazama wakasogea. Babu yako akakikata kwa kisu chake, akaweka tone kati ya vidole, akalisugua, akalinusa tena. "Haya," akasema, kama mtu aliyeshindwa kwa muda tu.

Kazi ikaenda vizuri. Nayasema haya kwa sababu huko uendako watakufundisha upya, na nataka ujue kwamba ulikuwa unajua. Uliwasha injini ikapata moto kidogo ili oili iwe nyepesi. Babu yako akaingia chini, akafungua nati ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ile nyeusi ikashuka kwenye beseni kama uji wa ulezi. Ukapewa filta mpya. Ukachovya kidole kwenye oili safi, ukapaka ule mpira wa mdomoni, ukaikaza kwa mkono mpaka ikagoma, ukaongeza kidogo. Najua kwamba kwa miaka miwili umekuwa ukijiuliza kama ni wewe hukuikaza. Nimekuona ukiinama chini ya ile pikapu ukifikiri hakuna anayekuangalia. Uliikaza, mwanangu. Niliishika baadaye, ilikuwa kavu. Ningekuambia siku ileile, lakini kukuambia kwamba si wewe kungekufanya uulize ni nani.

Kisha ikaja kumimina. Babu yako akamimina, akasimama, akachomoa kile kijiti cha kupimia, akakifuta kwenye suruali, akakirudisha, akakichomoa.

"Imejaa!"

Dumu lilikuwa bado zito mkononi mwake. Masanja akainamisha kichwa, akayatazama matuta, akatazama gari lilivyoinua pua.

"Mzee," akasema polepole, "hapa limepanda mlima. Hicho kijiti hakitudanganyi?"

"Wewe jua ng'ombe."

"Hata ng'ombe akisimama mlimani maji yanakwenda upande mmoja tumboni, Mzee."

Watu wakacheka tena, safari hii upande wa Masanja. Babu yako hakupenda. Akageuka akanitafuta. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni na kile kitabu cha gari, kile chenye kurasa zilizogandana kwa grisi, cha Kiingereza kitupu. Unajua babu yako alivyokuwa akijivuna nacho. Kilikuja na gari, na aliyeweza kukisoma nyumbani ni mmoja.

"Tuna msomi hapa," akasema. "Msomi, kitabu kimesema nini?"

Skola, nilikuwa kwenye ukurasa wenyewe. Kidole changu kilikuwa juu ya mstari. Kilisema gari lisimame mahali tambarare, injini ichemke kidogo, izimwe, usubiri dakika chache, ndipo upime. Chini yake kulikuwa na kipimo: ukibadilisha na filta, lita tano. Nilikielewa neno kwa neno. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na Kiingereza ndilo somo pekee nililokuwa sioni aibu kulifanya, kwa sababu karatasi haikutazami usoni.

Lakini watu walikuwa wananitazama. Baba yangu amesimama juu ya tuta alilolijenga kwa jembe lake, mikono meusi, anatabasamu. Masanja anasubiri. Wewe na Kabula mmeacha kusukana. Niliona nikisema "lishushe chini, baba, tupime upya," atashuka kwenye lile tuta mbele ya mtu aliyemcheka. Na sauti yangu itatetemeka kama kawaida, na mtu atasema, "Ongeza sauti, binti." Nilitaka tu waache kunitazama.

Nikasema, "Kimesema vilevile tunavyofanya, baba."

Hilo ndilo. Maneno matatu na baba.

"Umesikia?" babu yako akamwambia Masanja. "Kitabu cha Kizungu na tuta la Kifipa vimekubaliana." Masanja akacheka kuliko wote, akanyanyua mikono, akamimina oili chafu kwenye kidumu, akakifunga kwenye pikipiki, akaondoka. Na mimi nikajisikia, Mungu anisamehe, nimefanya jambo jema. Nimemfurahisha baba.

Jumatatu tulishuka bondeni Ilemba, babu yako na mimi, kufuata mpunga. Kushuka hakukuwa na neno. Kupanda ndiko. Magunia yamejaa, gari limeinua pua kama lilivyoinua juu ya matuta, na nusu ya njia ile taa nyekundu ya oili ikapepesa. Nikaiona. Ikazima. Ikapepesa.

"Baba, taa."

"Hiyo taa ni mwongo. Tumejaza juzi."

Nikanyamaza. Naomba ulisome hili polepole: kosa la matutani lilikuwa la aibu, na aibu mtu anaweza kuisamehe. Kwenye ule mlima tulikuwa wawili tu. Hapakuwa na wa kunicheka. Ningeweza kusema, "Baba, nilikudanganya, simamisha." Nilihesabu kona. Nilijiambia, tukifika kona ile nasema. Tukafika. Nikasema ile inayofuata. Kabla ya hiyo inayofuata injini ikaanza kugonga, kama mtu anayepiga sufuria kwa mwiko kutoka ndani, halafu ikanoki, ikakwama kabisa, halafu kukawa na ukimya na harufu.

Unajua yaliyofuata. Tulivutwa na lori. Fundi wa mjini alisema ilikauka oili, babu yako akasikia kwamba oili ilikuwa mbaya, na hakuna aliyemsahihisha. Akakaa siku nzima kwenye kigoda akitazama dumu, kisha akatamka lile neno lililozunguka kijiji kizima: "Oili chafu tunampa yeye. Ameichuja kwenye kitambaa, ameturudishia kwenye dumu jipya."

Lilikuwa neno zuri, hilo ndilo lililokuwa baya. Lilikaa vizuri masikioni. Hata mimi, niliyejua, nililiamini kwa robo saa.

Masanja alikuja mwenyewe. Akamwamkia bibi yako, akavua kofia.

"Mzee, kizibo ulikikata mwenyewe."

"Vizibo vinachemshwa, vinarudi vilivyokuwa."

"Mimi nichemshe kizibo, Mzee? Nyumba yangu haina hata birika."

"Siku hizi watu wamekuwa wajanja."

Masanja akanitazama. Hakutazama mtu mwingine. Alikuwa anakumbuka swali lake la siku ile, na jibu langu. Nikajifanya natafuta kitu kwenye ungo. Labda alikuwa ananipa nafasi niseme. Labda hakutaka kuniaibisha mbele ya baba yangu. Sijui ipi inaniuma zaidi. Akavaa kofia, akaenda, na tangu siku hiyo samadi haikuja, na kile kijia cha kwenda kwao babu yako akakizibia kwa miiba.

Watu waliacha kumtuma Masanja mjini. Mtu akimwona na kifurushi anauliza, "Kizibo kizima hicho?" Mchwa wamekula upande mmoja wa zizi lake, nimeuona nilipopita kwenda kisimani. Na babu yako, asiyemwamini tena mtu wa dukani, sasa hata chumvi anaionja kabla ya kulipa. Alianza kupima kila kitu. Ile oili aliitonesha kwenye gazeti, akaiweka kwenye kisosi nje alfajiri ione baridi, akaisugua vidoleni mpaka bibi akamwambia ataoza vidole. Hakuona kasoro. Ndipo akasema wajanja wamezidi maarifa. Akishuku kitu na asikute kosa, anashuku zaidi. Nimekaa naye miaka miwili na ugonjwa huo na dawa ninayo mimi.

Nawe ukaambukizwa. Siku ile kwenye bomba, Kabula amekuja na ndoo yake, ukasema mbele ya foleni, "Mwana wa oili chafu huyo, asichafue maji." Mlikuwa mnasukana nywele, Skola. Kabula alitua ndoo, hakulia. Akasema, "Muulize mama yako mdogo." Ukacheka, "Nimuulize nini?" Na mimi nikajitwisha ndoo nusu, maji yakinimwagikia mgongoni, nikatangulia.

Hukuniuliza. Mpaka leo sijui kama ulisahau au uliogopa jibu. Wakati mwingine unapokaa kimya ukinitazama nachambua maharage nafikiri unajua. Ukiniomba chumvi nafikiri unajua. Mtu mwenye siri husikia swali katika kila salamu.

Sasa turudi kwenye chupa. Nimeirudisha kwenye soksi na soksi kwenye buti, kama ulivyoiweka. Nenda nayo. Sitaki uimwage kwa ajili yangu. Lakini mwalimu wako akiwa mtu makini, hataanza kwa kuinusa. Atakuuliza, "Dumu lilikuwa la lita ngapi?" Utasema tano. "Injini inachukua ngapi?" Utakwenda kutazama, nawe sasa unajua Kiingereza cha kutosha, utakuta tano. Atakuuliza, "Basi hii mmeitoa wapi?"

Lita moja na nusu, mwanangu. Niliipima kwa kopo la bibi yako wiki ileile, wote mkiwa kanisani. Ilibaki lita moja na nusu ndani ya dumu ambalo lilitakiwa liwe tupu. Babu yako ameitazama miaka miwili akiuliza ina nini. Hakuna aliyeuliza kwa nini ilibaki.

Nilitaka nikuandikie mawaidha na nimekosa mdomo wa kuyatolea. Nina hili tu. Utafanya kazi na watu wenye mikono myeusi wanaojua kuliko wewe, na watakuwa wamesimama juu ya tuta fulani, na watakugeukia. Sauti itatetemeka. Itetemeke. Gari linashuka chini, mnapima upya, wanacheka, wanasahau mpaka jioni. Na mtu akikubaliana nawe haraka, kwa sauti ndogo, akitazama chini, huyo mshuku kuliko aliyekubishia. Masanja alibisha. Mimi nilikubali.

Kuhusu Kabula sina cha kukufundisha. Basi linapita pale barabarani kwao. Sijui kama dakika mbili zinatosha.

Nilipanga kukupa barua hii kituoni, ukiwa umeshapanda, ili nisione uso wako ukiisoma. Nilipanga pia kukuandikia mwishoni: tafadhali usimwambie babu. Nilishaandika "taf", nikakata, utaona hapo juu pembeni. Nimeona ningekuwa nakukabidhi wewe dumu langu ulibebe mpaka Mbeya.

Ngoja. Sanduku limekwisha kufungwa. Nasikia buti za mvua za babu yako zinavuka uani, ile ya kushoto inayoburuza.

"Msomi!" anaita. "Hii fomu ya chuo, nyuma huku wameandika Kizungu. Miwani yangu siioni. Njoo unisomee kimesema nini."

Mkono wangu umekwenda wenyewe kwenye daftari. Nimeurudisha.

Ameshapita jikoni. Anamuuliza bibi yako niko wapi. Skola, karatasi iko juu ya meza, wazi, na mwanga wa dirisha unaipiga vizuri. Anakuja. Ataona mwandiko, atauliza ya nani hii, na kwa kuwa hana miwani ataniambia nimsomee. Nitaanzia pale juu, kwenye kitubio. Nitasoma hata mahali pa mlima.

Amefika mlangoni. Shikamoo, baba.